Sanduku la Duara

Tyubu za dawa zilizokuwa juu zilikuwa za kweli. Chini yake palikuwa na mchanga mtupu, umefungwa kwa vitambaa na kupangwa vizuri ili sanduku lisipungue uzito.

Inspekta Mazengo alichuchumaa kando ya sanduku hilo katika stoo ya zahanati, akakiinua kifurushi kimoja na kukirudisha mahali pake. Alikuwa ametoka Singida mjini asubuhi kwa Landrova, na vumbi la njia ya Mungaa lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Kufuli halijavunjwa," alisema.

"Ndiyo maana nikakuita, Afande," alijibu Daktari Urbano. "Mwizi ni wa humu ndani. Na ufunguo anaushika muuguzi."

Muuguzi Febronia alikuwa amesimama mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ufunguo unashinda kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi," alisema taratibu. "Daktari anajua. Kila mtu hapa anajua."

"Lakini dawa uliandikishwa wewe," Daktari alisema.

"Niliandikishwa mimi. Sikuiba mimi."

Mazengo alinyanyuka. Alikuwa anatazama sanduku la pili, lililokaa ukutani. Yote mawili yalikuwa ya mbao ileile. Moja lilichorwa duara, jingine pembetatu. Alilifungua lile la pembetatu. Tyubu zilijaa hadi chini.

"Kwa nini hili halikuguswa?"

Daktari Urbano alivuta kiti, akaeleza. Ilikuwa mwaka 1975, kijiji kikiwa kipya, nyumba zimepangwa mistari na watu bado wanajifunza majina ya majirani. Chuo kilikuwa kimewatuma, yeye na wenzake wawili, kuchunguza ugonjwa wa vikope, ule unaokunja kope kuelekea ndani hadi zikwaruze mboni na kumpofusha mtu. Kila nyumba ilipewa tyubu yenye duara au pembetatu. Nusu ya nyumba zilipewa dawa. Nusu nyingine zilipewa mafuta ya kawaida, ya rangi ileile na harufu ileile.

"Bila wao kujua?"

"Bila hata mimi kujua, Afande. Mimi fani yangu ni macho. Nikijua nani kapewa dawa, nitamwona amepona hata kabla hajapona. Ndiyo maana ugawaji tulimwachia mtu wa takwimu, Ndugu Antipasi. Siri hiyo ipo kichwani mwake tu mpaka kazi iishe."

"Na kazi ikiisha?"

"Nitakwenda wizarani na ushahidi. Dawa iletwe kwa mkoa mzima, siyo kijiji kimoja." Alikunja ngumi juu ya goti. "Sasa mtu kaiba ili akauze, na wote watasubiri."

Mazengo alimtuma konstebo aliyekuja naye kuchukua alama za vidole kwenye masanduku. Hazikusaidia. Vidole vya watafiti wote watatu vilikuwa pale, kwa kuwa wote walifanya kazi humo. Alikuwa amekwisha kuuliza maduka ya Utemini, kule mjini, kabla ya kuja. Hakuna aliyeuziwa dawa ya macho. Basi akavaa kofia na kwenda kutembea kijijini peke yake.

Mazengo alikuwa Mgogo wa Manyoni. Vikope alivijua kabla hajajua kusoma. Mama yake alikuwa akikaa mlangoni asubuhi na kibano, kioo mkononi, aking'oa kope moja moja, mpaka siku kioo kilipokuwa hakimsaidii tena.

Alipiga hodi nyumba ya mwisho katika mstari wa pili. Mwanamke aliyeitwa Dorkas alimkaribisha kwa kigoda. Binti yake, Sara, alikuwa akipepeta uwele. Mazengo alimtazama msichana usoni, kisha akaangalia hewani. Mbuzi walikuwa karibu, nzi walikuwa wengi, lakini machoni mwa Sara hakutua hata mmoja. Kwenye kope paling'aa mafuta ya manjano.

"Shikamoo, baba," msichana alisema.

"Marahaba, binti yangu. Macho yanaendeleaje?"

"Sasa naona uzi nikitunga sindano."

"Dawa yenu ina alama gani, mama?"

Dorkas alisita. "Tulipewa ya pembetatu."

"Nami naiona ya duara hapo dirishani."

 Mwanamke alimtazama Mazengo begani, mahali askari hubeba bunduki, ingawa yeye hakuwa nayo.

"Sikuja kumnyang'anya mtoto dawa," Mazengo alisema. "Nataka kujua tu. Ile ya kwanza iko wapi?"

"Tuliambiwa tuitupe. Kwamba imeharibika na jua."

"Na nani?"

"Aliyetuletea nyingine. Alisema tusimtaje. Mimi mtu aliyenitendea wema simtaji, hata ukinifunga."

"Sitakufunga, mama."

Alizunguka nyumba nyingine. Waliopewa duara tangu mwanzo hawakutembelewa na mtu. Waliopewa pembetatu, kila alipoingia, walikuwa na tyubu ya duara imefichwa kwenye kibuyu au chini ya kitanda. Kila mmoja alikataa kutaja jina. Hakuhitaji tena jina.

Antipasi alikuwa nyuma ya zahanati akifua shati. Alikuwa kijana mwembamba, mtaratibu wa maneno. Alipomwona Inspekta alikamua shati, akalianika.

"Ndugu Antipasi, dawa ilikuwa sanduku lipi?"

"Siruhusiwi kusema mpaka utafiti uishe."

"Utafiti umeisha. Ulikuwa unaujua mwisho wake kabla ya Daktari."

Kijana alikaa chini ya kamba ya nguo. Daktari Urbano na Febronia walikuwa wamekaribia waliposikia sauti. Mazengo akampa onyo la kisheria, kwamba atakalosema laweza kutumika mahakamani.

"Duara," Antipasi alisema. "Niliichukua mimi. Febronia hana kosa. Nilitaka kusema jana, nikaogopa."

Daktari alimkodolea macho. "Wewe? Wewe ndiye uliyenifundisha kwa nini lazima pawe na nyumba za kulinganisha."

"Na bado naamini hivyo, Daktari. Karatasi za kura nilizichomoa mwenyewe kwenye kofia. Nyumba ya Mama Sara ilitoka pembetatu. Nikaandika, nikaendelea. Ilikuwa hesabu."

"Kisha?"

"Kisha nikaenda kuwauliza maswali. Binti alikuwa amejifunika kanga gizani, jua linamchoma. Mama akachinja kuku, kuku wenyewe wawili tu. Akanishukuru kwa dawa. Akaniombea mimi na wazazi wangu." Alijifuta povu mikononi. "Ningelaumiwa ningevumilia. Kushukuriwa kulinishinda."

"Ungekuja kwangu," alisema Daktari.

"Ungesema tusubiri msimu mmoja. Na ungekuwa sawa. Lakini Sara hakuwa na msimu."

Daktari Urbano aligeuka upande. "Mkoa mzima, Antipasi," alisema. "Kina Sara wangapi?"

 Febronia ndiye aliyeliondoa shati kambani, bichi, akampa Antipasi avae.

Mazengo hakumfunga pingu. Walipokuwa wanaelekea kwenye gari, Dorkas alikuwa tayari barabarani, na nyuma yake wanawake wengine.

"Kijana huyu anapelekwa wapi?" Dorkas aliuliza.

"Singida, kituoni," Mazengo alijibu. "Atatoa maelezo. Hakimu ataamua."

Antipasi alisimama mbele ya mwanamke yule. "Mama Sara, ile tyubu ya kwanza haikuharibika na jua. Haikuwa dawa kabisa. Yalikuwa mafuta. Nilijua siku nilipowapa."

Dorkas alimtazama. Uso wake ulikuwa mgumu, kisha ukawa umechoka tu.

"Ulijua ukala na kuku wangu?"

"Nilijua, mama."

Dorkas alitoa tyubu kwenye pindo la kanga. 

"Na hii ya duara?"

"Hii ni dawa."

"Basi niambie tupake mpaka lini."

Antipasi aligeuka kumtazama Daktari. Daktari Urbano alipita mbele yake, akiwa na mkoba wake mkononi.

"Mpaka tyubu iishe, mama, hata ukiona amepona," alisema. "Twende nimtazame. Wengine nao waje na watoto, nyumba zote."

Mazengo alimfungulia Antipasi mlango wa gari, wa mbele.