Jina la Mzee Varki

Kila asubuhi, kabla chai ya kambini haijaiva, Nimisha aliwasha kompyuta ya shule. Tangu mto ufurike, madarasa yalilaza watu waliokimbia maji, naye aliwasaidia kutafuta ndugu zao katika kambi nyingine. Ukurasa wa kutafutia majina aliutengeneza Shibin, mwenzake wa darasa la nane.

Siku hiyo Bibi Rosakuti alitaka kuandika jina la mumewe mwenyewe. Alibonyeza kwa kidole kimoja: varki. Kompyuta ikajibu: Hayupo.

"Basi mto umemchukua," bibi alisema taratibu, akatoka.

Nimisha hakuridhika. Alipitia majina yote, moja baada ya jingine, hadi akamwona: Varki, kambi ya kanisani, ng'ambo ya mto. Damu ikamchemka.

"Shibin! Mzee yupo. Mbona ukurasa wako unasema hayupo?"

Shibin alichungulia. "Bibi ndiye kakosea. Kaanza na herufi ndogo, tena kaacha nafasi mwishoni. Watu wajifunze kuandika."

"Mwalimu alikwambia uifanye kompyuta isafishe maandishi ya watu kabla ya kutafuta. Ukasema umeshamaliza."

"Ningefanya kesho. Kwani kuna mtu amekufa?"

"Kamuulize bibi, yuko nje analia."

Shibin akainamisha kichwa. Nimisha alimkimbilia bibi, na Mwalimu Lata, aliyekuwa amesikia yote mlangoni, akapiga simu kanisani. Punde bibi alikuwa akifoka kwenye simu huku machozi yakimtiririka: "Mzee wewe, dawa umekunywa? Usinijibu ovyo."

"Sikuifanya ile kazi, Mwalimu," Shibin alisema. "Nilikudanganya."

"Ifanye sasa."

Shibin aliketi. Aliagiza kompyuta iondoe nafasi za ziada na isibague herufi kubwa na ndogo. Nimisha alisimama nyuma yake, mikono kifuani, akaujaribu ukurasa kwa herufi kubwa, ndogo na nafasi za kila namna. Kila mara mzee Varki alipatikana. Hata hivyo hasira haikumwisha Nimisha.

"Nyote wawili nisikilizeni," alisema mwalimu. "Anayemtafuta mtu wake haandiki kwa utulivu. Kuyasafisha maandishi yake ni kazi yetu, si yake. Na kazi ambayo hujaifanya, Shibin, usiseme umeimaliza. Uongo wako ulikuwa neno moja tu, lakini bibi wa watu alishaanza kuomboleza."