Hawala za Elinipendo

Hawala za posta zilizoibwa zilikuwa zimepangwa mezani kwa Inspekta Alawi, katika kituo cha polisi cha Moshi, mwaka 1953. Zote zilitumwa kutoka Nairobi na Yoramu, fundi wa karakana ya reli, kwa mkewe Elinipendo wa Machame. Zote zilikuwa zimelipwa. Kila moja ilikuwa na alama ya dole gumba la mpokeaji, na kando yake sahihi ya shahidi, yenye mikia na mapambo kama ya gavana.

Elinipendo aliapa kwamba hajaona hata senti. Shemeji yake, aliyemburuta hadi kituoni, alisema ndugu yao anaungua na moto wa mitambo ugenini, na huyu mwanamke anakula mshahara wake kisha anakana. Ukoo ulikwisha kata shauri: akishindwa kujitetea, atoke kihambani, shamba la ukoo, kabla ya Jumapili, aache migomba na ng'ombe. Aliyasema hayo mara tatu, kwa sauti kubwa. Debe tupu haliachi kuvuma.

Alawi hakumpenda mtu huyo. Akaleta kibao cha wino, akabonyeza dole la Elinipendo karatasini, akainama na kioo cha kukuzia.

"Si lake," alisema. "Hata moja si lake. Mama, barua za mumeo anakusomea nani?"

"Mzee Aminieli. Ndiye anayezichukua posta, ndiye anayesoma, ndiye anayejibu. Mimi sikwenda shule."

"Husema zimeandikwa nini?"

"Kwamba maisha ya Nairobi ni magumu, nivumilie, nimwombe Mungu."

Akafungua pindo la khanga, akatoa bunda la barua. Alizitunza zote, ingawa kwake herufi zilikuwa nyayo za sisimizi tu. Alawi akasoma mbili. Zote mbili zilitaja hawala.

Kesho yake Elinipendo na shemeji yake walirudi kituoni, na Aminieli, aliyeitwa na Inspekta, akafika na suti ya kijivu, kofia ya jua na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa mzee wa kanisa, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe. Alawi alimwamkia shikamoo. Akaitika kana kwamba anatoa sadaka.

"Sahihi hii ni yako, mzee?"

"Nani mwingine huko mlimani anaandika hivyo?"

"Na dole ni la nani?"

"La mwanamke. Alilitia mbele yangu."

"Naomba na lako."

Aminieli akacheka. "Mimi natia sahihi, kijana. Dole ni la wasiojua kusoma."

"Tia."

Akatia kwa madaha, huku akimhurumia askari mjinga. Alawi akaiweka karatasi hiyo kando ya hawala moja, akamsukumia kioo.

"Tazama mwenyewe. Mistari inazunguka vilevile. Na kovu hili hapa, ni lilelile."

Mzee alitazama kwa muda mrefu. Suti ilianza kumpwaya.

"Nilidhani madole yote ni mamoja," akasema. "Doa la wino tu."

Msomi huyo. Alisoma kila kitu isipokuwa kidole chake. Alawi alikwisha wafunga wezi wengi, na baadhi aliwahurumia. Huyu alimtia kinyaa.

"Kwa nini, mzee?"

"Angezifanyia nini fedha hizo? Mtu asiyejua a wala be. Angenunua ndama. Mimi niliezeka bati, nikanunua gramafoni. Nyumba yangu inapokea wageni wa maana."

Hapakuwa na njaa wala mgonjwa nyuma ya wizi ule. Palikuwa na gramafoni.

Shemeji, aliyesimama mlangoni, sasa alikuwa mpole. Akamwambia Elinipendo yamekwisha, warudi nyumbani. Elinipendo hakumtazama. Alimwomba Inspekta jambo moja tu: mzee asome barua moja, kama ilivyoandikwa.

Alawi akachukua iliyokuwa juu. Aminieli, pingu mikononi, akasoma kwa sauti ndogo: "Mke wangu mpenzi Elinipendo, kila nikilala nalitaja jina lako..."

"Hajapata kunisomea hayo," Elinipendo alimwambia Inspekta. Kisha akamgeukia mzee. "Fedha uliezekea bati. Na haya maneno, uliyafanyia nini?"