Maji ya Moto Chini ya Mkunazi

Mkono wa mashine ulikuwa chini. Idd aliapa kwamba aliuacha juu, kama afanyavyo kila siku akimaliza kazi, maana bosi wake hapendi kuukuta umelala. Hamida alimjibu mumewe kwamba mtu anayesahau hata alikovua kandambili zake asiapie chuma.

Mashine yenyewe ilikuwa kwenye stoo ya nyuma ya villa moja huko Al Barsha, Dubai, na Hamida hakuwa na heshima nayo hata chembe. Ilikuwa ya kujazia risasi upya: chuma kilichofungwa mezani, juu yake kichwa cha duara chenye matundu, na kila tundu lina kifaa chake. Ganda la risasi iliyokwisha kupigwa linawekwa chini, mkono unavutwa, kichwa kinazunguka, kli, mkono unavutwa tena, mpaka ganda linatoka likiwa risasi mpya. Sir Musallam, mwenye villa na bosi wa Idd, aliita kazi hiyo sanaa. Hamida aliiita utoto wa mtu mzima, mtu mwenye magari mengi kuliko nafasi ya banda lake, anayekwenda jangwani kupiga risasi kisha anainama kuokota takataka zake mwenyewe. Tena hata mkono hauvuti yeye. Yeye hupima baruti tu, amekunja uso kama daktari, na anayevuta ni Idd, dereva wake. Risasi zikiwa tayari, wa kuzijaribu kwanza ni huyohuyo Idd, kila Ijumaa kwenye uwanja wa shabaha, huku sir amejibanza nyuma ya ukuta na kumwambia kwamba hiyo ni zawadi.

Sehemu ya Hamida, mtumishi wa ndani, ilikuwa kuosha. Maganda yalikuja na masizi na mchanga, naye aliyachemsha kwa sabuni na ndimu. Kwa kuwa sir hakutaka uchafu upite kwenye sinki lake la marumaru, maji aliyamwaga uani, kwenye shina la mkunazi, yangali yakifuka mvuke. Aliyamwaga bila kusema neno.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa. Hamida ni mtu wa Tanga, amelelewa na bibi ambaye katu hakumwaga maji ya moto bila kuwapigia hodi walioko chini. "Pisheni, ya moto," bibi alikuwa akisema, anangoja kidogo, anataja jina la Mungu, ndipo anamwaga. Watoto wote wa nyumba ile walilijua jambo hilo kama walivyojua kunawa kabla ya kula. Lakini Hamida alipofika Dubai alijiona amevuka mambo hayo, na Idd alipomkumbusha alicheka mpaka akashika mbavu. Majini gani hao, aliuliza, wanaoishi ubavuni mwa maduka makubwa na kuvizia kiyoyozi cha watu. Wakiungua, alisema, waende hospitali kama wenzao.

Basi mkono ukawa unakutwa chini kila mara. Kisha zikaja sauti, saa ya mchana jua linapochoma na nyumba nzima imelala: mkono unashuka, kichwa kinazunguka, kli, kimya. Stoo ilikuwa imefungwa. Ilipofunguliwa ikatoa harufu ya ngozi iliyobabuka, na juu ya mashine ilisimama risasi moja kamili ambayo hakuna aliyeijaza, ina unyevu, na ina moto kama kikombe cha chai. Idd alipompelekea sir, sir alimwambia aache uchawi wa kwao, akaitumbukiza kwenye sanduku pamoja na nyingine na kulifungia kabatini. Zilifanana zote. Ijumaa ingefika, na Idd angezipiga zote, moja baada ya moja, bila kujua ipi ni ipi. Alijaribu kukataa. Arbab, ndivyo wanavyomwita bosi huko, akamwambia kwamba dereva anayechagua kazi hupelekwa uwanja wa ndege, khalas, imekwisha.

Hamida bado alijifanya haogopi. Jioni moja, adhana ya magharibi imetoka kunyamaza, alibeba sinia la maganda kwenda stoo, akaukuta mlango u wazi na taa haiwaki, na alipoinua mguu kuvuka kizingiti akaona sakafuni alama za nyayo ndogo, mbichi, nyayo za mtoto anayeshika ukuta, ndiyo kwanza ajifunze kusimama, zinatoka upande wa mkunazi na kwenda mpaka chini ya mashine, na katika kila unyayo pamebaki utando mwembamba mweupe unaonyanyuka pembeni kama ngozi ya maziwa, naye kabla hajarudi nyuma mkono wa mashine ukashuka polepole mbele ya macho yake bila mtu kuugusa, kichwa kikazunguka, kli, na sauti ya mwanamke, ya chini, yenye lafudhi ya Tanga kabisa, ikasema karibu na sikio lake:

"Mwanangu hana ngozi. Na wewe una nani?"

Sinia lilianguka. Usiku ule alimsimulia Idd kwa kunong'ona, na Idd hakumcheka, ingawa haki hiyo alikuwa nayo.

"Kaombe radhi, Hamida," alimwambia. "Neno moja tu. Mimi ndiye nitakayeshika bunduki."

"Mimi nikapige magoti kwenye mti? Wanione majirani?"

"Nakuomba, mke wangu."

Hakwenda. Akaona afadhali kumwita Maalim Ibra, mzee wa Kizanzibari aliyekuwa akiishi Al Qusais, amfukuze huyo mwanamke pamoja na mwanawe. Maalim alikuja na ubani kwenye mfuko wa plastiki, jambo lililomtosha Hamida kumdharau yeye pia. Alinusa stoo, akainama kwenye shina la mkunazi, akakataa hata kuwasha mkaa.

"Huyu simfukuzi," alisema. "Ana haki yake. Mleteeni marashi, na aliyemwaga aombe kwa moyo wake. Asipoomba kwa moyo, bora asiombe."

Asubuhi ya Ijumaa, Idd akiwa anapakia sanduku la risasi garini, Hamida alikwenda uani na chupa ya marashi. Alisimama wima, akanyunyiza huku amebinua mdomo, akitupa jicho ukutani asije akaonekana na yaya wa jirani.

"Haya," alisema. "Radhi. Khalas."

Upepo haukuvuma, jani halikutikisika. Harufu ilikatika palepale, na stoo ikawa stoo tu. Hamida akamwambia mumewe aende kwa amani, mambo yamekwisha, ona yalivyokuwa mepesi. Idd alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Gari likaondoka, naye akarudi jikoni akimcheka jini aliyeridhika na marashi ya bei poa.

Adhuhuri alikuwa akikaanga samaki. Kutoka stoo ikaja sauti moja tu. Kli.

Alikwenda akikimbia, mwiko mkononi. Mkono wa mashine ulikuwa chini. Juu yake palisimama ganda tupu lililotoka kupigwa, limepasuka ubavuni, linafuka moshi, na mdomoni mwake umenasa uzi wa bluu. Aliujua uzi ule. Ndio aliotumia yeye mwenyewe kushonea kola ya shati la Idd.

Jikoni simu ikaanza kuita. Hamida hakwenda. Alikwenda kwenye mkunazi, akaanguka magoti, akapakaza uso wake kwenye udongo mbele ya yaya wa jirani na dunia nzima. Akaomba. Akamwita yule mwanamke dada, akamwita mama, akasema kosa ni langu, nichukue mimi, niachie mume wangu, na safari hii kila neno lilitoka moyoni, na machozi yalilowesha shina.

Simu ikakatika, ikaanza kuita tena. Chini kwenye mizizi kitu kikajigeuza. Kisha akajibiwa kutoka humo mizizini, si kwa sauti ya mwanamke yule, bali kwa sauti yake mwenyewe Hamida, sauti ya mdomo uliobinuliwa:

"Haya. Radhi. Khalas."