Specioza Hasaini Asichokiona

Steshenari ya Khatibu, karibu na stendi ya Bariadi, ina mashine moja ya kutoa kopi, na asubuhi ile watu kama ishirini waliigombania. Specioza alikuwa mbele, gauni la kitenge cha bluu, viatu vyeupe vya kazi vilivyoshindwa na vumbi. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, shati la mistari lililonyooshwa hadi likakoma, akisoma karatasi za watu bila haya.

"Samahani, dada. Hatua ishirini na mbili za kutundika dripu? Huyo mgonjwa si atapona mwenyewe akisubiri?"

Specioza aligeuka, tayari kumpa za uso. "Yako ina ngapi?"

"Nane."

"Nane! Kunawa mikono umeweka?"

"Nitaiongeza leo, ukiniangalia hivyo."

Alijikuta anacheka. Kumbe walikuwa wa kazi moja: wakufunzi wa vitendo wa wanafunzi wa utabibu, yeye Bariadi, mwenzake, Masalu, hospitali moja ya Maswa. Walibishana mpaka kopi zikatoka, wakahamia kwenye soda.

"Mimi naangalia mkono wa mwanafunzi," alisema Masalu. "Nikiuona umetulia, namjua."

"Mwenzako akimwona vingine? Orodha haina huyu namjua, yule simjui. Alichofanya kimefanyika, asichofanya sisaini."

"Ndiyo maana huna pete."

Lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Tangu atoke Karagwe miaka miwili iliyopita, mchana kutwa alisema na wanafunzi na wagonjwa, na akifunga mlango jioni alibaki na redio. Kisukuma alijua salamu ya "mwangaluka" tu, basi. Alimpa Masalu namba yake kabla hajajiuliza mara mbili.

Simu zikaanza, kila siku saa moja jioni.

"Mwalimu Hatua, umekula?"

"Nimekula."

"Shahidi nani?"

"Hakuna, mpenzi. Nakula peke yangu, unajua."

"Basi sikupi alama mpaka nije nione."

Na kila Jumamosi alikuja kweli, na mchele wake na maneno yake. Specioza alianza kununua vikombe viwili viwili. Aliogopa kitu kimoja tu, kurudi kwenye ule ukimya wa redio.

Mwezi wa tano Masalu akamwomba aende Maswa awe mtahini wa pili. Utaratibu ni huo: watahini wawili wanasimama na nyuso kavu, hawatabasamu wala kutikisa kichwa, kila mmoja anaweka alama zake, kisha wanajaza fomu moja pamoja.

Akaingia Nyanjige, binti mwembamba, koti limempwaya. Mkono wake ulitetemeka mpaka trei ikalia. Alimchoma mzee wa watu mara tatu bila kuupata mshipa, Specioza akamsimamisha. Akafungua kitabu cha vitendo cha binti, ambamo mkufunzi husaini kila kazi aliyoiona. Dripu kumi, saini kumi, zote za Masalu, zote za siku moja.

"Umetundika ngapi kwa mkono wako?"

Binti alianza kulia. "Moja, mwalimu. Na hiyo nesi alinimalizia."

Specioza na Masalu wakatoka hadi koridoni.

"Wodi imejaa wanafunzi, Spe, na mkufunzi ni mimi peke yangu. Nisipowasainia hawaingii kwenye mtihani."

"Wasiingie."

"Rahisi kusema. Huyo wazazi wake wanalima pamba, amepanga chumba hapo Nyalikungu. Umwambie arudie miezi mitatu?"

"Na yule mzee aliyechomwa tumwambie nini?"

Masalu alishusha sauti. "Mpe hamsini tu, afaulu. Kwa ajili yangu, mama."

Specioza alitamani kumpa. Alitamani sana, na aliijua bei yake. Kisha akaandika thelathini na nane, na chini yake kwamba wanafunzi wanasainiwa bila kusimamiwa, akatia saini.

Masalu aliisoma fomu, akamtazama. "Kumbe Jumamosi zote zile nilikuwa kwenye mtihani."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Saa moja jioni Specioza alipiga yeye, simu ikaita mpaka ikakatika. Baadaye ukaingia ujumbe: *Niko wodini.* Kesho yake tena, *Niko wodini.* Wodini saa moja jioni! Mkufunzi gani asiyekuwa kwake saa hizo? Specioza hakuwa mtoto, alijua kuna mwanamke. Alimpa huyo mwanamke umbo, akampa na gauni, akalia kwa ajili yake wiki sita nzima. Alimkumbuka Masalu hata kwenye mambo ya kipuuzi, anavyopuliza chai iliyokwisha poa. Redio aliizima, ilikuwa inamzidishia upweke.

Wiki ya saba alipanda basi la Maswa. Kama ni kuachwa, aachwe macho kwa macho.

Alimkuta wodini. Masalu alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda, shati limekunjamana, ndevu za siku tatu, macho yamekaza kwenye mkono wa Nyanjige. Sindano iliingia, damu ikarudi vizuri, mgonjwa hata hakukunja uso. Nyuma yao wanafunzi walipanga foleni hadi mlangoni.

Masalu aliinuka akamwona. Wakatoka nje ya mlango.

"Niliposema niko wodini ulidhani niko wapi?"

"Kwa mwanamke."

"Leo wako kumi na wanne, hao hapo kwenye foleni. Wengine wavulana."

Specioza hakucheka. "Kwa nini hukunieleza?"

"Aibu, Spe. Uliyoandika kwenye fomu yalikuwa kweli. Nimezifuta saini zote, tumeanza moja. Kila mtu dripu kumi, na zote nizione kwa macho yangu." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Mchana wodi haitoshi, kwa hiyo ni jioni, Jumamosi na Jumapili, mpaka mwezi wa tisa. Nakupenda, lakini sina hata saa moja ya kukupa. Sikutaka kukuambia usubiri. Umeshakaa peke yako vya kutosha."

Ndivyo ilivyokuwa. Yule mwalimu aliyemtaka alikuwa amepatikana, na Jumamosi zake zimekwenda. Specioza aliitazama foleni, vijana wenye njaa na vitabu vyao kwapani.

"Kwa jumla wako wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

Alitundika mkoba wake kwenye komeo la dirisha, akakunja mikono ya gauni.

"Nipe kumi na tano," alisema.