Sisimizi wa Chumba cha Watawa Wadogo

Kengele ya hekalu ilipolia alfajiri, Khamsing alikunja mkeka wake, akanawa uso, akajifunga joho la rangi ya chungwa na kutundika bakuli begani. Watawa wadogo walitoka kwa mstari mmoja, miguu mitupu, huku lami ikiwa bado na unyevu wa mvua ya usiku. Kandokando ya njia wanawake walikuwa wamepiga magoti. Kila mmoja alimega tonge la wali unaonata akalitia bakulini, na wengine waliongeza biskuti, peremende au keki ya nazi iliyofungwa kwa jani la mgomba. Mwisho wa njia walikuwepo watoto wa maskini na vikapu vyao. Hapo kila mtawa alitoa sehemu ya alichopewa akawagawia.

Khamsing, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliingia hekaluni wakati wa likizo ya shule kwa sababu bibi yake alikuwa amefariki. Alinyolewa kichwa mbele ya jamaa zake wote ili thawabu za utawa wake zimfikie marehemu. Aliahidi kuishi na vitu vichache tu: majoho, bakuli, wembe, sindano na chujio la maji.

Lakini alipofika kwa watoto wenye vikapu, aliwapa wali peke yake. Biskuti na keki alizipenyeza ndani ya joho, na akirudi chumbani alizificha katika sanduku lake la mbao. Ajabu ni kwamba hakuzila. Alipenda kujua kuwa zipo. Kila alipobaki peke yake alifungua sanduku, akazipanga upya, akalifunga. Wakati wa sala midomo yake ilifuata maneno, lakini moyo ulikuwa sandukuni. Mtu akielekea upande wa chumba, shingo yake iligeuka yenyewe.

Siku moja waliporudi kutoka kwenye mlo wa mwisho wa siku, ule unaoliwa kabla ya adhuhuri, walikuta sisimizi wekundu wametapakaa sakafuni. Mtawa haui hata sisimizi, kwa hiyo hapakuwa na maji ya moto wala dawa ya kupuliza. Walichukua fagio laini wakawasogeza polepole hadi nje. Kabla fagio hazijarudishwa mahali pake, sisimizi walikuwa wamekwisha kurudi. Ikabidi mikeka yote ihamishiwe barazani, na huko mvua ya upepo ikailowesha.

Watawa wadogo walianza kumtafuta mwenye kosa. Bounthan, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alimnyooshea kidole Lae, mtawa mwenzao wa kabila la Wakhmu kutoka milimani. Sisimizi walikuwa wakiingilia kwenye ufa wa ukuta karibu na alipokuwa ametandika mkeka wake. Alisema Lae hajazoea kuona chakula kingi, bila shaka ameficha mahali, na kwamba atamwomba mtawa mkuu amrudishe kwao. Kwao Lae hakukuwa na sekondari. Hekalu ndilo lililokuwa likimsomesha.

Hapo ndipo Khamsing alipopaswa kusema ukweli. Badala yake aliwaona wenzake wakimtazama, akaogopa, akatafuta la kuwachekesha.

"Labda anamfungia mama yake chakula," alisema. "Huko juu hata sisimizi wanalala njaa."

Wote wakacheka. Lae alichukua ufagio akaanza tena kusogeza sisimizi, mmoja mmoja, vidole vyake vikiwa vimevimba kwa kuumwa. Khamsing alimfuata karibu na ufa.

"Si ungewaambia kuwa si wewe?" alimnong'oneza.

"Ningewaambia ni nani basi?" Lae alijibu bila kuinua kichwa. "Nilikuona ukizipanga, Khamsing. Nilidhani unamwekea bibi yako sadaka. Mambo ya marehemu sikutaka kuyasema mbele ya watu."

Khamsing alitamani sakafu immeze. Bibi yake hakuwa amemjia akilini hata mara moja alipokuwa akifungua lile sanduku.

Wakati huo mtawa mkuu, ambaye wote walimwita Satu kwa heshima, aliingia amepandisha joho lake lisiguse sisimizi. Bounthan alianza kumweleza habari za Lae. Khamsing hakumwacha amalize. Alipiga magoti, akavuta sanduku katikati ya chumba na kulifungua mbele ya wote. Keki zilikuwa zimeota ukungu, biskuti zilikuwa zimelegea, na juu yake sisimizi wekundu walikuwa wamejazana. Hakuna aliyecheka.

"Ni mimi, Satu," alisema huku machozi yakimdondoka. "Watoto wenye vikapu niliwanyima. Lae nimemtukana naye alikuwa akinisitiri."

Satu alichungulia sandukuni. "Na hata hukuonja," alisema. "Angalau sisimizi wamekula."

Alimwamuru amwombe Lae msamaha kwa kuinama mpaka paji la uso liguse sakafu, naye akafanya hivyo. Kisha alimtuma alipeleke sanduku mbali, nyuma ya migomba. Khamsing aliporudi, mikono ikimwasha, sisimizi walikuwa tayari wanageuka, mstari baada ya mstari, wakitoka kupitia ule ufa bila kufagiwa na mtu.

"Mwaona?" Satu aliwaambia wote. "Mmeshinda mkiwafukuza na hawakutoka. Kimeondolewa walichokifuata, wanaondoka wenyewe. Hofu na wasiwasi navyo viko hivyo, wanangu. Usihangaike kuvifukuza moyoni. Tazama umekumbatia nini, kisha kiachie."

Jioni, wakati wa sala, watu walipita wakielekea upande wa chumba na kurudi. Khamsing hakugeuka.