Pampu Iliyotoka Kwenye Pipa la Leute

Pampu ya kukamulia maziwa ya mama ilitoka kwenye pipa ikiwa na joto. Si joto la jua, maana pipa lilikuwa limekaa kivulini tangu lori la bandarini lilipolishusha, na makopo ya nyama na mashuka yaliyoizunguka yalikuwa baridi. Matile aliifungua kutoka kwenye taulo la mtoto, akaishika kiganjani, akahisi uvuguvugu wa kitu kilichotoka kifuani mwa mtu sasa hivi.

"Mama, hebu shika hii."

Mama yake, Naoupu, akaishika, akairudisha upesi. "Betri hiyo. Acha maneno, mpigie dada yako umshukuru."

Dada mwenyewe ni Leute, mtoto wa mama yake mkubwa, aliyelituma pipa hilo la zawadi kwa meli kutoka Auckland, New Zealand, anakoishi. Jinsi alivyojua kwamba Matile anahitaji pampu, Mungu ndiye ajuaye, kwa sababu hakuwa ameambiwa.

Na jamani, Matile alikuwa ameitafuta pampu mpaka anaiota. Mwanawe Setefano alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo wa kutia huruma, na maziwa ya kopo yalimtapisha na kumtoa vipele hadi kwenye kope. Kliniki wakasema huyu ni ziwa la mama tu, vinginevyo mtampoteza. Na mama naye lazima arudi kiwandani, kule wanakopika tui la makopo nje ya Apia, mji mkuu wetu hapa Samoa, kwa sababu mumewe alikuwa ameenda Australia kuchuma machungwa na kibarua chake hakieleweki.

Walikwenda duka la dawa pamoja na Vaosa, shoga yake wa kazini. Kulikuwa na pampu ya kubana kwa mkono. Kulikuwa na kubwa ya kuchomeka ukutani, ila stoo ya lebo, pale msimamizi alipomruhusu ajisitiri, haikuwa na soketi. Na kulikuwa na ya tatu, ile inayoingia ndani ya sidiria, haina waya wala kelele, mtu anakamua huku anaendelea na shughuli zake.

"Hii ndiyo yako," Vaosa akasema. "Unafunga makopo huku unakamuliwa. Wakichanganya mitungi, tunauza tui la Matile mpaka Japani."

"Koma wewe! Umeiona bei?"

"Nimeiona, shoga, nimejifanya sijaiona. Haya, chukua ya mkono. Utapata misuli kama mpiga makasia."

Matile akasema atafikiri kwanza. Kabla hajamaliza kufikiri, pipa likaja, na ndani yake pampu ileile ya tatu.

Sasa hapa ndipo kosa lilipoingia, na kwetu hakuna ambaye asingelifanya. Kitu cha ndani ya pipa hakiulizwi kilikuwa cha nani. Ukiuliza, umemwambia ndugu yako kwamba anakutumia takataka, na maneno hayo yatazunguka ukoo mzima mpaka msibani. Matile alichemsha vikombe, akapiga simu kushukuru, akanyamaza mengine.

"Imefika?" Leute akauliza. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Umeshaiwasha?"

"Bado, dada."

"Iwashe. Usiiweke kabatini, Matile. Itumie kila siku." Akakata simu bila hata kuuliza habari za mtoto.

Siku ya kwanza kazini, Matile alijifungia stoo, akaivaa, akakaa juu ya maboksi ya lebo. Kiwanda kilikuwa kinanguruma nje na harufu ya tui la moto imejaa kila mahali. Pampu ikaanza kuvuta, taratibu, vizuri tu. Halafu akasikia kitu. Ilivuta, ilivuta, ikameza. Akainamisha sikio. Ilivuta, ilivuta, ikameza, kwa ile sauti ndogo ya koo ambayo kila mama anaijua. Alipoivua, kikombe kilikuwa na maziwa ya kulowesha kidole, na titi lake lilikuwa tupu kabisa.

"Labda inavuja," Vaosa akamwambia.

"Ingevuja ningelowa. Niko mkavu."

"Basi umechoka. Kunywa supu."

Alikunywa supu ya samaki, akala papai bichi lililopikwa kwa tui, akafanya yote ambayo wanawake huambiana. Maziwa yalijaa mpaka yanauma, pampu inayavuta, na kikombe kinatoka na matone. Ndani ya stoo pakaanza kunuka, si uvundo, afadhali ungekuwa uvundo. Palinukia utosi wa mtoto mchanga, ile harufu tamu ya kichwani, mahali ambapo hapakuwa na mtoto. Nyumbani Setefano alikuwa analia mchana kutwa, na muuguzi wa kliniki alipomweka kwenye mizani alimtazama Matile kwa jicho la kulaumu.

"Mwanao anapungua. Unampa nini?"

"Namnyonyesha nikiwa nyumbani. Nikiwa kazini nakamua."

"Mbona mifupa inahesabika?"

Matile alilia njia nzima. Naoupu naye, kwa uchungu wa mjukuu, alimkaripia kwamba pengine anayamwaga huko kazini kwa aibu ya wanaume. Jumamosi hiyohiyo aliacha pampu mezani, haina chaji, akatoka kuanika nguo kwenye kaburi la babu, ambalo kwa desturi yetu liko mbele ya nyumba, na saa ya mapumziko ya kiwandani ilipofika akasikia mlio wake kutoka ndani, ukivuta, ukivuta, usimeze, na baadaye ukawa mkali, wa haraka, wa kitu kilichokasirika kwa njaa.

Jumatatu aliapa hataivaa. Lakini matiti yalikuwa yamejaa kama mawe, homa inamnyemelea, na ya mkono hakuwa ameinunua. Akajifungia, akaivaa, akafumba macho, na mara ile plastiki haikuwa plastiki tena, ilikuwa ufizi, ufizi laini usio na jino, uliobana kwa nguvu ya mtu anayeogopa kunyang'anywa, na kiganja kidogo chenye moto kikajibandika kwenye mbavu zake kikawa kinapapasa, kinapanda, kinatafuta mahali pa kushika, huku yeye anataka kupiga kelele na hawezi, na kitu kibaya kuliko vyote, kilichomfanya baadaye ashindwe kumtazama mwanawe usoni, ni kwamba mkono wake mwenyewe uliinuka ukataka kukipapasa kichwa kile.

Vaosa alivunja mlango. Alimkuta sakafuni, hajitambui, kikombe kitupu.

Wakamwita Bi Fuatino, mganga wa kijijini kwao, aliyewahi kuwakaripia wafu wengi wa ukoo mpaka wakarudi makaburini. Alikuja mchana kweupe na majani yake mapana ya ti, mmea wa kufukuzia mizimu, akamkanda Matile kifua na mabega, akampiga majani taratibu.

"Wewe ni nani? Umekuja kutafuta nini kwa huyu mama?"

Akampiga tena majani begani.

"Nimekuuliza kwa heshima. Sema jina lako!"

Mdomo wa Matile ukafunguka. Kilio cha mtoto mchanga kikatoka, chembamba, dhaifu, cha mapafu yasiyokomaa. Setefano, mikononi mwa bibi yake, akanyamaza na kukodoa macho.

Mikono ya Bi Fuatino ikashuka. "Huyu siwezi kumfukuza kwa maneno," akanong'ona. "Hajajifunza maneno. Ile mashine ilikuwa ya nani?"

Naoupu akapiga simu Auckland, akafungua spika wote wasikie, na kwa mara ya kwanza mtu wa nyumba ile akauliza. Leute akaangua kilio. Alikuwa na mtoto, Tomasi, aliyezaliwa mapema mno, akawekwa ndani ya sanduku la kioo. Hakuwahi kunyonya. Kila tone alilokunywa lilipitia pampu ile, na sauti ya pampu ndiyo aliyoizoea. Alipokufa alizikwa kulekule, kwenye makaburi ya wageni, na Leute aliwaambia nyumbani kwamba mimba iliharibika.

"Hata baada ya kumzika alikuwa analia ndani ya pampu kila siku, mama mdogo," akasema. "Kifua changu kilikauka. Nilisikia Matile amejifungua. Nikasema ni damu yetu, hatamnyima."

"Na mwanangu je, Leute?" Matile akaropoka kutoka mkekani. "Mwanangu ale nini?"



Waliizika pampu kwenye kaburi la babu, imeviringishwa kwenye taulo lake, pamoja na kikombe cha maziwa ambacho Matile alikikamua kwa mkono akilia. Bi Fuatino akamwita Tomasi kwa jina, akamwambia hapa ni kwenu, lala. Wakafunika kwa sementi. Matile akanunua ile ya kubana kwa mkono, Vaosa akamtania kuhusu misuli, na kikombe kikajaa. Setefano akaanza kutoa mashavu. Ila Matile aliacha kuanika nguo pale kaburini.

Leute alirudi mwaka uliofuata. Hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akakaa juu yake, akaweka kiganja kwenye ile sementi mpya. Matile akamfuata na Setefano kiunoni, akiwa na hasira na huruma kwa pamoja na hakujua aanze na ipi.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Yameisha, dada. Amelala."

Leute akatikisa kichwa. Kwenye blauzi yake nyeupe ya safari yalikuwa yametokea kifuani madoa mawili ya maziwa, yanatanuka, na harufu ya utosi wa mtoto ikapanda kati yao. Setefano akaacha kuchezea shanga za mama yake, akageuza kichwa kulitazama kaburi. Ndipo Matile naye akausikia mlio chini ya sementi, ukivuta, ukivuta, usimeze.

"Ana njaa," Leute akasema, akitabasamu kwa furaha ya kweli, akaanza kufungua vifungo vya blauzi.