Rangi ya Kumpokea Mume

Miaka mingi fundi cherehani alimngoja mumewe, aliyekuwa akijenga majumba nchi ya mbali. Alizoea kuisikia sauti yake kwenye simu tu. Kitandani alilala upande wake. Upande wa pili haukuguswa.

Sasa mume alikuwa anarudi mwisho wa mwezi. Fundi akajitazama kwenye kioo cha wateja, akashika mvi zake.

"Baba yako aliniacha nina nywele nyeusi ti," alimwambia binti yake. "Atanijua kweli?"

Akanunua sokoni unga wa rangi nyeusi. Kimfuko chake hakikuwa na maandishi yoyote. Akaukoroga na maji, akajipaka kichwa kizima. Kichwa kikaanza kumwasha. Akavumilia.

Kulipokucha uso ulikuwa umevimba, macho hayafunguki. Binti akamkimbilia jirani yao, muuguzi wa zahanati.

"Unapumua vizuri?" muuguzi aliuliza kwanza. Fundi akaitikia kwa kichwa, naye akasema, "Ungekosa pumzi, tungekimbia hospitali sasa hivi."

Akamwosha kichwa kwa maji mengi, kisha akampeleka zahanati kupata dawa.

"Shoga, ngozi yako imeikataa rangi," alimwambia. "Rangi nyingi nyeusi zina kemikali kali. Kiwanda makini huipima isizidi. Kwenye pakiti huandika imo nini na ikae kichwani muda gani. Huu unga kaupima nani?"

"Sijui," fundi alijibu kwa sauti ndogo.

"Hata ile yenye maandishi hujaribiwa kwanza. Soma maelezo, paka kidogo ndani ya kiwiko, ngoja siku mbili. Ikiwasha, achana nayo. Lakini wewe usijaribu tena. Hata hina nyeusi ya kuchora usiiguse, mara nyingi huchanganywa na kemikali hiyohiyo. Mara ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi."

"Basi mume wangu atakuta kizee!" fundi alisema, machozi yakimtoka.

Kesho yake alikuja bibi harusi mtarajiwa kupima gauni. Naye alitaka kupaka rangi.

"Nitazame usoni, mwanangu," fundi alimwambia. "Jaribu kwanza kwenye kiwiko."

Binti wa watu akajaribu. Mkono ukamwasha, rangi akaitupa. Aliolewa akiwa na uso wake mzuri uleule.

Mwisho wa mwezi uvimbe ulikuwa umekwisha. Mume akasimama mlangoni na begi lake. Fundi akavuta kitambaa kufunika mvi.

"Nilitaka unikute kama ulivyoniacha," alisema, akamweleza yote.

Mume akakishusha kile kitambaa polepole. Akazitazama nywele zile kwa muda mrefu, akazigusa.

"Zimeota sipo," alisema. "Na mimi nilitaka kuziona zikitoka moja moja. Usizifiche, mke wangu. Niache nizizoee."